Nani Ameusoma? Uhakiki wa Msimbo na Hofu Yetu ya Kusahihishana

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, niliandika programu ndogo ya kujumlisha alama za wanafunzi wangu. Ilichukua alama za kazi za muhula na alama za mtihani wa mwisho, ikazijumlisha, kisha ikatoa orodha ya waliofaulu na ya waliotakiwa kurudia mtihani. Niliiandika usiku mmoja, nikaijaribu kwa majina matatu ya kubuni, nikaridhika. Wanafunzi wanne wakajikuta katika orodha ya marudio, ile ambayo wao huiita sapu.

Wiki tatu baadaye kiongozi wa darasa alinikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne, isiyo na jina. Nilikuwa nimeionyesha programu hiyo darasani kama mfano, na mwandishi wa karatasi alikuwa ameinakili kwa mkono, mstari kwa mstari. Alieleza kwamba nilikuwa nimeiagiza kompyuta ikate desimali kabla ya kujumlisha. Mwenye alama 18.5 za muhula na 21.75 za mtihani alistahili 40.25, yaani amefaulu. Programu yangu ilimhesabia 18 na 21, jumla 39. Nilichukua kalamu nikakokotoa upya. Watatu kati ya wale wanne walikuwa wamefaulu, na mmoja wao alikuwa amekwisha kupanda basi kurudi kwao Makete kuomba nauli na ada ya mtihani wa marudio.

Niliomba mwandishi wa karatasi ajitokeze. Alikuja jioni, wenzake walipokuwa wameondoka, akasimama mlangoni. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia, nikamkaribisha aketi. Aliniambia kwamba aliliona kosa siku ile ile nilipoionyesha programu darasani, ila aliona si adabu kumsahihisha mwalimu mbele ya watu. Nilimwomba radhi, nikawaomba radhi na wenzake, na matokeo yakasahihishwa. Lakini zile wiki tatu hazijaniondoka akilini. Kosa lilikuwa hadharani, ukutani, mbele ya darasa zima, na aliyeliona alikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kulisema.

Kuna jamii duniani ambazo zimehangaika na jambo hili hasa kwa zaidi ya miaka thelathini: jamii za watu wanaoandika programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maagizo yanayoandikwa kwa ajili ya kompyuta, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Wana desturi kwamba hakuna mstari unaoingia katika programu ya pamoja kabla mtu mwingine hajausoma. Desturi hiyo kwa Kiswahili naiita uhakiki wa msimbo, na hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu neno uhakiki lina historia yake kwetu.

Kwa wenzangu wa idara ya fasihi, uhakiki ni kazi ya heshima. Unaisoma riwaya ya Kezilahabi, unaonyesha palipofaulu na palipolegea, na mwandishi anabaki na hadhi yake. Kwa mtumishi wa umma neno hilo lina sauti nyingine. Aprili 2017 ripoti ya uhakiki wa vyeti ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli mjini Dodoma ikiwa na idadi ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, nao wakaamriwa kuondoka kazini. Kabla yake ulikuwa umepita uhakiki wa watumishi hewa. Sisemi kwamba cheti cha kughushi kingevumiliwa. Ninachosema ni kwamba kizazi kizima cha watumishi kilijifunza kuwa ukisikia uhakiki unakuja, unatafuta mahali pa kujificha. Neno ukaguzi nalo haliko mbali: mkaguzi huja mwaka wa fedha ukiisha, fedha ikiwa imekwisha kutumika, na mtu anayehojiwa anajua kwamba kinachopimwa ni yeye.

Waliobuni ukaguzi wa msimbo waliiona hofu hiyo mapema. Mwaka 1976 Michael Fagan, mhandisi wa kampuni ya IBM, alichapisha makala juu ya utaratibu wake wa kukagua programu kabla hazijafanyiwa majaribio. Watu wachache, kwa kawaida wanne, wanaketi pamoja: msimamizi wa kikao, aliyesanifu, aliyeandika na atakayefanya majaribio. Msimbo unasomwa na kuelezwa kwa sauti, makosa yanaorodheshwa, na hakuna anayeanza kuyasahihisha pale pale. Kati ya masharti yaliyofuatana na utaratibu huo, moja ningependa libandikwe katika kila ofisi ya umma: matokeo ya kikao yasitumike kumpima mwandishi kama mfanyakazi. Siku yatakapotumika hivyo, watu wataanza kuficha makosa ya wenzao ili nao wafichiwe. Fagan alikuwa akizungumzia kampuni ya Marekani, lakini nimekaa katika vikao vya idara vya kutosha kumwelewa.

Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika mfumo wa uendeshaji wa kompyuta kwa kujifurahisha. Huo ndio uliokuja kuitwa Linux, ambao leo uko ndani ya simu za Android na ndani ya seva nyingi za dunia. Watu wasiojuana walianza kumtumia viraka, yaani vipande vidogo vya marekebisho, kwa barua pepe ambazo kila mtu aliweza kuzisoma. Majibu nayo yalikuwa ya wazi: hapa umekosea, hapa eleza zaidi, kiraka hiki kigawe mara mbili. Mradi ulipokua, wakapatikana wasimamizi wa sehemu mbalimbali, kila mmoja akilinda eneo lake kama mzee wa mtaa. Kuanzia 2004 kila anayeleta kiraka hutakiwa kuweka jina lake chini, akithibitisha kwamba ana haki ya kukitoa, na wanaokisoma huweka majina yao pia. Mwaka 2005, baada ya kunyimwa programu ya kampuni moja waliyokuwa wakiitegemea kutunza kumbukumbu za mabadiliko, Torvalds aliandika ya kwake, Git. Kwa Git unaweza kuuliza juu ya mstari wowote: nani aliuandika, lini, kwa sababu gani. Wanaharakati wa uwazi wa serikali wangetoa nini kupata chombo kama hicho kwa ajili ya bajeti ya halmashauri?

Nisiwapambe kupita kiasi. Torvalds alijulikana kwa ukali na matusi kwa waliomletea kazi mbovu, na kwa miaka mingi wafuasi wake walidai kwamba ukali huo ndio uliolinda ubora. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akakiri kwamba lugha yake iliwaumiza watu na kuwafukuza wengine, akapumzika kwa muda, na mradi ukajiwekea kanuni za mwenendo. Kwa hiyo zipo njia mbili za kuua uhakiki. Ya kwanza ni ile ya darasa langu, ambako heshima humziba mdogo mdomo. Ya pili ni ile ambako mkubwa husema lolote na mdogo huondoka zake. Zote mbili huishia mahali pamoja, kwamba aliyeliona kosa hayupo kwenye mazungumzo.

Aidha, uwazi peke yake haujawahi kutosha. Usiku wa kuamkia mwaka 2012, kiraka kimoja kiliingizwa katika OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya siri ya sehemu kubwa ya intaneti. Mwandishi wake alikuwa amefanya kazi kwa nia njema, na kiraka kilisomwa na msimamizi mmoja kabla ya kukubaliwa. Wote wawili hawakuona kwamba sehemu moja haikuangalia urefu wa ujumbe uliopokelewa, kasoro ambayo ilimwezesha mtu wa mbali kuchota siri kutoka katika kumbukumbu ya seva. Kosa hilo, lililopewa jina la Heartbleed, lilikaa wazi kwa zaidi ya miaka miwili hadi Aprili 2014, lilipogunduliwa na mhandisi wa Google na, bila wao kujuana, na wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Finland. Mabenki, hospitali na serikali zilikuwa zimeutumia msimbo huo bila malipo, kila mmoja akiamini kwamba wengine wameusoma. Mradi wenyewe ulikuwa na mtu mmoja tu aliyeajiriwa muda wote.

Kisa cha pili ni cha kusikitisha zaidi. Programu ya kubana mafaili iitwayo xz ilitunzwa kwa miaka mingi na Mfini mmoja, Lasse Collin, kwa kujitolea. Kuanzia mwishoni mwa 2021 alijitokeza msaidizi mpole, aliyejiita Jia Tan, akileta viraka vizuri. Mwaka 2022 watu wengine wasiojulikana walianza kumwandama Collin kwa malalamiko kwamba ni mzito, kwamba apishe wengine, wakati mwenyewe alikuwa amekwisha kusema kwamba afya yake ya akili inamsumbua. Alichoka, akamwamini msaidizi. Mapema mwaka 2024 msaidizi huyo aliingiza mlango wa siri ambao ungewafungulia waliomtuma seva zisizo na idadi. Aliuficha ndani ya mafaili ya majaribio, na sehemu ya mwisho ya hila hiyo akaiweka katika kifurushi cha kusambazwa tu, ili hata anayesoma hazina ya msimbo asiikute kamili. Ulikamatwa Machi 2024 na mhandisi Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia katika seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Nusu sekunde! Kila ninaposimulia kisa hiki wanafunzi huuliza juu ya mdukuzi. Mimi huwaza juu ya Collin, peke yake, akisoma usiku kazi ambayo dunia nzima iliitegemea na ambayo hakuna aliyejitolea kuisoma pamoja naye.

Turudi nyumbani, kwa maana nasi tuna kisa chetu, tena cha kale kuliko hivyo vyote. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipohamishiwa katika kompyuta, mambo yaliharibika: takwimu hazikuaminika, gharama zilipanda, na uendeshaji ulitegemea wataalamu wa kigeni. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, pamoja na televisheni, marufuku iliyolegezwa polepole hadi miaka ya 1990. Kizazi changu kilizoea kuicheka marufuku hiyo kama woga wa ujamaa. Nami niliicheka, hadi nilipojiuliza serikali ingefanya nini kingine. Ilikuwa na mashine ambayo Mtanzania aliyekaa mbele yake hakuweza kuuliza kilichomo ndani. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa mbaya, lakini ugonjwa ulikuwa wa kweli, na sina hakika kama umepona.

Wakati ule ule, upande wa siasa, nchi ilikuwa imejaribu jambo la kinyume. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, katika ibara yake ya 15, uliwakataza viongozi majivuno, dharau na unyanyasaji. Wafanyakazi viwandani waliuchukua kwa uzito kuliko ilivyotarajiwa, wakaanza kuwahoji mameneja, wakigoma ibara mkononi. Haikudumu. Ilipoonekana kwamba wadogo wameamua kuwasoma wakubwa kikweli, harakati hizo zikazimwa. Nalitaja hili kwa sababu husikia mara kwa mara kwamba kumhoji mkubwa ni utamaduni wa kigeni. Historia yetu inasema kwamba ulikuwa utamaduni wetu, na tunajua ulivyonyamazishwa.

Programu huria zilipofika zilikuja na matumaini. Mwaka 2004 Idara ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya Uswidi, IT+46, ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye lugha ya Kiswahili, chini ya mradi wa Kilinux. Kwa mara ya kwanza Mtanzania aliweza kubishana na neno lililo kwenye kioo cha kompyuta na kulibadilisha. Mwaka 2007, mjini Iringa, kilichokuwa Chuo Kikuu cha Tumaini, Tawi la Iringa (sasa Chuo Kikuu cha Iringa), kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland. Matti Tedre na wenzake wa Iringa waliandika kwamba mtaala wa fani hii hauwezi kuletwa kama ulivyo, kwamba lazima uanzie katika mazingira ya mahali. Sikusoma hapo wala kufundisha, lakini nimefanya kazi na waliopita hapo, na ninawatambua kwa tabia moja: huuliza programu itafanya nini umeme ukikatika katikati ya kazi. Mbeya nayo, chuo cha ufundi kilichoanza 1986 kilikuwa taasisi mwaka 2005 na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia mwaka 2012. Kwa hiyo wasomaji wa msimbo tunao. Hatukuwa nao mwaka 1965.

Wanasoma nini, basi? Kila muuguzi wa zahanati anazijua daftari za MTUHA, na kufikia 2013 taarifa zake zilikuwa zikiingizwa nchi nzima katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuijenga nchini kwa miaka mingi. Msimbo wake uko wazi. Afisa wa wilaya ya Mufindi anaweza kuusoma usiku huu akitaka. Mifumo mingine inayogusa maisha ya mwananchi kila siku, ya malipo ya serikali, ya mishahara, ya ushuru wa halmashauri, haiko hivyo. Imejengwa na Watanzania, jambo la kujivunia, lakini nje ya chumba ilimoandikwa hakuna anayeruhusiwa kuisoma. Hoja inayotolewa ni usalama, nami siidharau. Nywila na funguo za siri zifichwe. Lakini Uingereza tangu 2014 imezitaka huduma mpya za serikali kidijitali ziweke msimbo wake wazi, na mabenki yao hayajaanguka kwa sababu hiyo.

Nitoe mfano mmoja wa kinachogharimu. Mwanafunzi wangu wa zamani ni afisa TEHAMA katika halmashauri moja ya mkoa wa Mbeya. Huko milimani mtandao ni wa kubahatisha. Mkusanya ushuru wa viazi anakata risiti kwa mashine ya POS, mtandao unapotea, anajaribu tena, na mfumo unayahesabu malipo mara mbili. Mwisho wa mwezi mfumo unaonyesha fedha ambazo hazikuwahi kukusanywa, na mkusanya ushuru anaandikiwa deni. Mwanafunzi wangu aliligundua hilo kwa kulinganisha muda wa risiti moja baada ya nyingine. Angeweza kupendekeza marekebisho, pengine ya mistari mitano: risiti yenye namba iliyokwisha kupokelewa isipokelewe tena. Msimbo hakuwa nao. Akaandika barua, kupitia kwa mkuu wake wa kitengo, kupitia kwa mkurugenzi, kupitia kwa wengine wa juu yao. Baada ya miezi minne alijibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Mkusanya ushuru mmoja, mama wa makamo, alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe ili kupunguza deni ambalo hakudaiwa.

Nilipomwuliza kwa nini hakulisema katika kikao cha wakuu wa idara, alinijibu, "Mwalimu, mfumo ule ulizinduliwa na kiongozi. Nitaanzaje kusema una kosa?" Nilitaka kumkemea, kisha nikaikumbuka ile karatasi iliyokunjwa mara nne.

Tangu siku ile darasani kwangu zoezi la programu halipokewi bila jina la mwanafunzi mwingine aliyelisoma na maelezo ya alichokiona. Muhula wa kwanza karibu wote walisainiana bila kusoma, kama tunavyopitisha mihtasari ya vikao. Nikabadilisha utaratibu: alama za msomaji zikawa juu ya ubora wa maswali yake, na makosa aliyoyafichua yasimpunguzie mwandishi chochote. Hapo wakaanza kusoma. Bado wapo wanaoandika "kazi nzuri sana ndugu yangu" na kuishia hapo, na bado wasichana husahihishwa kwa maneno makali kuliko wavulana, jambo ambalo tumelizungumza waziwazi na ambalo halijaisha.

Programu yangu ya kujumlisha alama nayo hubandikwa ukutani wiki mbili kabla ya matokeo, msimbo wote, kurasa tatu. Muhula huu nimepokea pingamizi mbili, zote zikiwa na majina. Moja haikuwa sahihi, na nimeijibu kwa maandishi. Nyingine inahusu mwanafunzi aliyeahirisha mtihani kwa ugonjwa, ambaye programu inamwandikia sifuri badala ya kumwacha wazi. Hiyo ni kweli. Ninairekebisha leo, na aliyeiandika ameomba aisome tena kabla ya Ijumaa.